Seti ya tisa, shupaza tatu mezani na dau la chipu zote: je, nilikosea kutupa karata?

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wapenzi wa poka, naomba tuujadili kwa kina mzunguko mmoja ambao siku ya nne sasa haujanitoka kichwani. Nilikuwa na seti ya tisa, yaani tisa tatu, mbili mkononi na moja mezani, nikawekewa dau la chipu zote kwenye karata ya tano na ya mwisho ya mezani, nikafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kufikiri mezani, kisha nikazitupa karata zangu. Mpinzani wangu hakuonyesha za kwake, wala hakuwa na wajibu wa kuzionyesha, kwa hiyo jibu la moja kwa moja halipo na halitapatikana. Ninachotafuta hapa si kujua alikuwa na nini, bali kujua kama njia iliyonifikisha kwenye uamuzi ule ilikuwa sahihi.

Nianze na mtiririko wa dau, kwa sababu katika jambo hili kila chipu ina maana yake. Mchezo ulikuwa Texas Hold'em usio na kikomo cha dau (kila mchezaji ana karata mbili mkononi, na tano za wote hufunuliwa mezani), wachezaji sita, dau dogo la lazima chipu 1 na dau kubwa la lazima chipu 2. Sisi watatu tuliohusika tulikuwa na chipu 200 kila mmoja. Mchezaji wa kwanza kusema alipandisha hadi 6. Mimi nilikuwa nimekaa nafasi ya mgawaji, ambayo husema ya mwisho kuanzia flopu, yaani karata tatu za kwanza mezani, na kuendelea, nikiwa na tisa ya kopa na tisa ya uru, nikalipa. Mwenye dau dogo akatupa. Mwenye dau kubwa, ambaye ndiye mhusika mkuu wa kisa hiki, akalipa pia, na kitita kikawa na chipu 19.

Flopu ilifunua tisa ya shupaza, nane ya shupaza na nne ya uru. Mwenye jozi mkononi hupata seti kwenye flopu takriban mara 1 kwa kila 8 au 9, na mimi nilikuwa nimepata ile kubwa kuliko zote zilizowezekana pale. Hata hivyo meza haikuwa tulivu, kwani shupaza zilikuwa mbili, na tisa na nane zinafuatana. Mwenye dau kubwa alipisha, yaani hakuweka dau, aliyepandisha mwanzo akaweka 12, nami nikapandisha hadi 40 ili wanaosubiri flashi (hapa karata tano za shupaza) au mfululizo (karata tano zinazofuatana) walipie kusubiri kwao. Hapo ndipo mwenye dau kubwa, ambaye hakuwa ameweka hata chipu moja katika hatua ile, alipolipa 40 zote bila kupandisha. Yule wa kwanza akatupa. Kitita kikafika 111, na kila mmoja wetu akabakiwa na 154.

Karata ya nne ilikuwa mbili ya kopa, ambayo haikubadilisha lolote. Alipisha, nikaweka 54, akalipa bila kusita. Kitita 219, kila mmoja ana 100.

Mgawaji alipofunua karata ya tano, saba ya shupaza, mpinzani wangu hakuziangalia tena karata zake. Mkono wake wa kulia ulikwenda moja kwa moja kwenye safu zake mbili za chipu, akazisogeza mbele kwa pamoja, taratibu, safu ya pili ikaegemea ya kwanza bila kuanguka, kisha akakunja mikono na kutazama katikati ya meza. Wachezaji wengi, shupaza ya tatu inapoonekana, huchungulia tena karata zao ili wajue kama wanayo hata moja. Aliye na mbili hana haja hiyo, kwa kuwa amezikumbuka tangu flopu. Sikuipa ishara hiyo uzito mkubwa, ila niliiona.

Sasa hesabu. Nilitakiwa kulipa 100 ili nigombee jumla ya 419, na 100 kwa 419 ni asilimia 23.9. Maana yake ni kwamba kama ningekuwa nashinda takriban mara 1 kati ya 4, ilinipasa kulipa, hata kama zile mara 3 zingeniuma.

Nikaanza na karata zinazonishinda. Shupaza ambazo hazikuonekana zilikuwa 10, na michanganyiko yake ya mbili mbili ni 45, lakini hakuna anayecheza kila takataka. Nikaondoa ree yenye mfalme na ree yenye malkia, kwa kuwa hizo angepandisha nazo kabla ya flopu. Nikabakiza ree pamoja na ghulamu, kumi, sita, tano, nne, tatu au mbili. Mfalme pamoja na malkia, ghulamu au kumi. Malkia pamoja na ghulamu au kumi. Kisha ghulamu na kumi, sita na tano, tano na nne. Hizo ni flashi 15. Upande wa mfululizo niliwaza ghulamu na kumi tu: za aina moja zisizo za shupaza ni michanganyiko 3, na za aina tofauti ni 12, ambazo nilihesabu nusu yake, yaani 6, kwa sababu si kila mtu hulipa nazo dau lililopandishwa. Jumla ya zinazonishinda ikawa 24.

Ninazozishinda zilikuwa seti ya nane kwa michanganyiko 3, seti ya nne kwa michanganyiko 3, na jozi mbili za tisa na nane kwa michanganyiko 3. Tisa kwa 33 ni asilimia 27.3, na kwa hesabu hiyo tupu ningelipa. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba angesukuma chipu zake zote kwa kila moja ya karata hizo 9, hata pale ambapo shupaza ya tatu na saba zimeanguka kwa pamoja. Kama angefanya hivyo kwa theluthi moja tu, ningebaki na 3 kwa 27, ambayo ni asilimia 11. Ili nisipate hasara nilihitaji michanganyiko 7 na nusu dhidi ya ile 24. Kwa hiyo swali lote likawa moja: katika zile 9, je, mtu huyu angeweka chipu zote kwa angalau 8? Nikajijibu kwamba hapana, nikatupa.

Naomba mnisahihishe pale nilipopotoka.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kuweka kila namba mezani, maana wengi huja hapa na nusu ya habari. Pamoja na hayo, kwa maoni yangu ulikosea, na nitaeleza kwa nini bila kukuvunjia heshima.

Mpinzani aliweka 100 katika kitita cha 219. Akipiga mkwara, yaani akikutisha bila karata za kukushinda, anahatarisha 100 ili achukue 219, kwa hiyo mkwara wake unamlipa iwapo wewe utatupa zaidi ya mara 100 kwa kila 319. Ili umnyime faida hiyo, inakupasa ubaki mchezoni kwa takriban asilimia 69 ya karata zote ulizofika nazo hadi hapo. Sasa jiulize: kama unatupa seti ya tisa, unalipa na nini? Utakuwa unangoja flashi peke yake, na yeyote atakayekusoma atakuwa anakuwekea chipu zake zote kila shupaza ya tatu inapoanguka.

Nikukumbushe fainali ya mashindano ya dunia ya mwaka 2003 kule Las Vegas, yale yaliyoshirikisha wachezaji 839, ambako Chris Moneymaker alibaki na Sam Farha wawili peke yao. Mezani kulikuwa na tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza na tatu ya kopa. Farha alikuwa na malkia ya shupaza na tisa ya kopa, yaani jozi kubwa kuliko zote mezani pale. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa, hana hata jozi, akaweka chipu zake zote kwenye karata ya tano. Farha aliwaza kwa muda mrefu akatupa, na Moneymaker ndiye aliyetwaa ubingwa. Meza ya kutisha humtisha mwenye karata nzuri, na mpiga mkwara analijua hilo.

#3 Mchangiaji

Nimesoma mchango uliotangulia kwa makini, na mfano wa mwaka 2003 ni mzuri sana, lakini kwa mtazamo wangu unathibitisha kinyume cha kilichokusudiwa.

Tazama Moneymaker alikuwa anasubiri nini. Akiwa na mfalme wa shupaza alisubiri shupaza ya nne, na akiwa na saba kati ya sita, nane na tisa alisubiri kumi au tano. Karata ya tano ikaja tatu ya kopa, ikamnyima vyote viwili. Mkwara wa kweli mara nyingi huzaliwa hapo, kwa mtu aliyelipia kusubiri, asipate, na asiwe na njia nyingine ya kushinda isipokuwa kumfukuza mwenzake. Sasa rudi kwenye meza ya mwanzisha uzi na uulize ni nani aliyesubiri akakosa. Waliosubiri shupaza wamepata. Wenye ghulamu na kumi wamepata. Waliobaki ni wenye kumi pamoja na saba au saba pamoja na sita, na hao nao saba imewapa jozi, kwa hiyo wana sababu ya kupisha na kutumaini kwamba jozi yao itatosha. Hata ukihesabu zile za aina moja zote, ni michanganyiko 6. Meza ile inatisha, ndiyo, lakini imewalipa karibu wote waliokuwa wakiidai, na hivyo haikubakiza watu wa kupiga mkwara.

Kuhusu asilimia 69, kanuni hiyo ni ya kujikinga dhidi ya mtu anayejua kupiga mkwara kwa kipimo kinachostahili. Kwa dau la 100 ndani ya 219, mtu wa namna hiyo angekuwa anapiga mkwara takriban mara 1 katika kila dau 4 anazoweka. Ukikutana na asiyepiga mkwara kabisa, kujikinga huko ni kumlipa kodi asiyoidai. Tena seti ya tisa si kilele cha karata anazoweza kuwa nazo mwanzisha uzi. Yeye mwenyewe angeweza kupandisha flopu ile akiwa na ree na ghulamu za shupaza, au na ghulamu na kumi, na hizo zote sasa zimeipita seti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likisemwa, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kama ungekuwa umeshika karata nyingine, nje kungekuwa na tisa 3 na nane 3, na jozi mbili za tisa na nane zingekuwa michanganyiko 9. Wewe umeshika tisa mbili mkononi, imebaki moja, na michanganyiko imeshuka hadi 3. Karata zilezile zinazokupa nguvu ndizo zilizomnyang'anya mpinzani karata ambazo ungezishinda. Na kwa upande wa pili, huna shupaza hata moja, kwa hiyo hujamzuilia flashi yoyote. Aliyeshika ree ya shupaza pale angemnyima 7 kati ya zile flashi 15 ulizozihesabu. Simaanishi kwamba ree yenye jozi ya tisa ni bora kuliko seti. Nasema tu kwamba thamani ya karata zako kwenye dau la mwisho haipimwi kwa jina lake, bali kwa kile kinachobaki nje baada ya wewe kuzishika.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu wa mchango wa tatu, hilo la tisa zangu kuzipunguza jozi zake mbili sikuliona kwa uwazi huo nikiwa mezani. Nilihesabu 3 kwa sababu karata zilizobaki zilinilazimisha nihesabu 3, lakini sikutambua kwamba ni mimi niliyezila zile 6 nyingine.

Nawajibika pia kuongeza habari moja ambayo niliiacha kwa makosa. Saa moja hivi kabla ya mzunguko huu, mtu yuleyule alikuwa na jozi ya sita mkononi, akapata seti kwenye flopu, na karata ya tano ikaleta kopa ya tatu mezani. Alikuwa wa kwanza kusema. Alipisha. Mwenzake akaweka dau dogo, kama theluthi ya kitita, naye akalipa huku akitikisa kichwa, akashinda dhidi ya jozi mbili. Alipozifunua karata zake alisema kwa sauti ya chini kwamba zile kopa zilimkosesha amani. Sikudhani wakati ule kwamba sentensi hiyo ingenisaidia, lakini ndiyo iliyonirudia akilini aliposogeza safu zake mbili za chipu. Mtu aliyepisha na seti ya sita kwa kuogopa kopa tatu angepata wapi moyo wa kuweka chipu zote na seti ya nne mbele ya shupaza tatu na mfululizo?

Ninakiri kwamba mfano mmoja ni kitu chepesi. Ila sikuwa na mwingine, na ulikuwa unaelekea upande uleule na mambo mengine yote.

#5 Mchangiaji

Naomba kuuliza, kwa kuwa mimi bado najifunza. Ingekuwaje kama saba ya shupaza ingekuja kama karata ya nne badala ya karata ya tano? Je, ungetupa vilevile?

#6 Mwanzisha uzi

Ndugu, umeuliza jambo la msingi, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu wengi wetu huchanganya hali hizi mbili na kutupa seti mapema mno.

Ikiwa bado karata moja haijafunuliwa, seti inayoshindwa na flashi haijafa. Meza ikiwa tisa, nane, nne na saba, nasubiri tisa moja iliyobaki, nane 3, nne 3 au saba 3. Hizo ni karata 10 zinazonipa fulu hausi (karata tatu za namba moja na mbili za nyingine, ambayo huishinda flashi) au zaidi. Tuseme tunazijua karata mbili za mpinzani, nazo hazimo katika zile 10. Hapo zimebaki karata 44, na nafasi yangu ni 10 kwa 44, yaani asilimia 22.7. Kitita kingekuwa 111, na kama angeweka 40, ningelipa 40 kugombea 191, ambayo ni asilimia 20.9. Maana yake ningelipa hata kama angezifunua karata zake mezani na kunionyesha flashi.

Kama angeweka zote 154, ningehitaji asilimia 36.8, na nafasi ya fulu hausi peke yake isingetosha. Hapo ingenibidi nirudi kwenye hesabu ya mwanzo, ya 24 dhidi ya 9. Nikichukua zote 9, wastani wangu unafika kama asilimia 43, kwa sababu dhidi ya seti ndogo nashinda karibu kila mara na dhidi ya flashi bado nina ile asilimia 22.7. Nikichukua 3 tu, nashuka hadi asilimia 31. Kwa hiyo ningelipa dau dogo kwa furaha, ningelipa dau la wastani, na kwa dau la chipu zote ningekuwa kwenye njia panda ileile, ila ningeegemea kulipa kuliko nilivyoegemea kwenye karata ya tano. Karata ya tano ikishafunuliwa, hakuna tena cha kusubiri. Seti yangu inabaki jinsi ilivyo, na kazi pekee iliyosalia ni kumhesabu mpinzani.

#7 Mchangiaji

Mjadala ni mzuri, lakini mnajadili moshi na kuuacha moto. Kosa halikuwa kwenye karata ya tano. Kosa lilikuwa ile 54 kwenye karata ya nne. Ulikuwa na 154 mbele yako, kitita kina 111, meza ina shupaza mbili na mfululizo unaonyemelea, nawe unajua fika kwamba yuko mbele yako mtu aliyelipa 40 bila kupandisha. Mtu wa namna hiyo mara nyingi anasubiri. Ungeweka zote 154 pale pale ungemlazimisha alipie asilimia 36.8, jambo ambalo asiyekuwa na kitu mkononi hawezi kulimudu, na usingejikuta kwenye mtihani huu uliokukosesha raha siku nne. Umemwachia mlango wazi kwa nusu ya kitita, kisha unashangaa kwamba ameingia.

#8 Mwanzisha uzi

Ndugu wa mchango wa saba, hoja yako ilinichoma kwa sababu ndivyo nilivyojilaumu usiku ule ule. Nimekaa nayo tangu asubuhi na kalamu, na matokeo yamenishangaza, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Tuchukue mwenye shupaza mbili za kawaida, mfano ree na kumi. Kwenye karata ya nne zimebaki shupaza 9 za kumkamilishia flashi, lakini mbili kati ya hizo, nne ya shupaza na mbili ya shupaza, zingeifanya meza iwe na jozi na kunipa mimi fulu hausi. Kwa hiyo zinazomfaa ni 7 kati ya 44, yaani asilimia 15.9. Alipolipa 54, kitita alichokuwa anakigombea kilikuwa 165 kabla ya malipo yake. Ikiwa kila anapopata shupaza mimi namlipa 100 zangu za mwisho bila kukosa, kulipa kwake kunampa hasara ya chipu 3 hivi kwa wastani. Ikiwa natupa kila anapopata, hasara yake inapanda hadi chipu 19.

Kwa mwenye ghulamu na kumi zisizo za shupaza tofauti iko wazi zaidi. Yeye anasubiri malkia 4 na saba 4, ambazo hakuna hata moja inayonifaidia mimi, na nafasi yake ni 8 kwa 44, asilimia 18.2. Nikimlipa mwisho, kulipa kwake 54 kunamwingizia faida ya chipu 4. Nikitupa, anapoteza chipu 14.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ile 54 haikuwa mlango wazi kama nilivyodhani. Bei ilikuwa ya haki kwangu kwa sharti kwamba niwe mtu anayeweza kuitupa seti ya tisa shupaza inapoanguka na mtu huyu akasukuma chipu zote. Kama sina uwezo huo, basi wewe una haki, na 154 ingekuwa bora, kwa sababu ingenikinga dhidi ya udhaifu wangu mwenyewe. Lakini 154 ingewafukuza pia wale niliotaka wabaki. Mwenye kumi pamoja na saba angetupa, pengine hata mwenye tisa na nane asiyependa vishindo angetupa, na 54 zao zisingeingia. Ukizitazama hatua hizi mbili kwa pamoja, kutupa kwenye karata ya tano ni sehemu ya dau la karata ya nne, na siwezi kukuhukumia moja bila kuigusa nyingine.

Sehemu moja tu nakubaliana nawe moja kwa moja, na nimeihesabu mara mbili nisije nikajipendelea. Ghulamu na kumi za shupaza, zote mbili mkononi mwake, zilikuwa zinasubiri shupaza 7 zinazomfaa pamoja na malkia 3 na saba 3 zisizo za shupaza, jumla karata 13 kwa 44, asilimia 29.5. Huyo alipolipa 54 alikuwa na faida ya chipu 10 na ushei hata kama ningetupa kila mara, ilhali kulipa 154 kungemtia hasara ya chipu 30 hivi. Ni mchanganyiko 1 kati ya zile 24, lakini kwa huo mmoja, dau lako la chipu zote lilikuwa sahihi na langu la 54 lilikuwa dogo mno.